GARI LIKIKATAA KUWAKA: TUPIME KWANZA, NDIPO TUTIBU

Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za mishahara, mikataba na ajali za kazini. Safari hii tumeamua kuzungumza juu ya gari linalokataa kuwaka. Pengine msomaji atauliza, "Chama na gari, wapi na wapi?" Jibu letu ni hili: huku kwetu kwenye mashamba ya chai, magharibi ya Uganda, gari ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali, ndilo linalofikisha majani mabichi kiwandani kabla hayajaharibika, na ndilo linalomfikisha dereva mbele ya meneja siku likigoma. Kwa hiyo ni jambo la wafanyakazi.

KOSA TULILOFANYA SISI WENYEWE

Tuanze kwa kukiri. Tawi letu lilikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama. Usiku mmoja wa mvua, mama mmoja mchumaji chai alishikwa na uchungu wa uzazi kambini. Tulimwamsha dereva. Alipogeuza ufunguo, gari lililia tak-tak-tak, kisha likanyamaza. Tulilisukuma kwenye matope mpaka tukachoka. Mwishowe tulimbeba yule mama kwa machela hadi barabara kuu, tukapata lori lililokuwa likielekea Fort Portal. Tunamshukuru Mungu, alijifungua salama. Lakini kila mmoja wetu alijua kwamba mambo yangeweza kuwa mengine.

Kesho yake kamati ilikaa. Wote tulikuwa na hasira, na mwenye hasira hutafuta wa kumlaumu. Tulisema dereva ameua betri kwa kusikiliza redio. Papo hapo tukaamua mambo mawili: betri mpya inunuliwe kwa fedha za michango, na dereva akatwe posho yake mpaka alipe nusu ya bei. Betri ile ilikula fedha nyingi kuliko mshahara wa mwezi mzima wa mchumaji. Haikupita muda mrefu, gari likalia tena tak-tak-tak, na betri ni mpya.

Ndipo tulipokwenda kumwita mzee mmoja, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wanangu, ile betri ya kwanza mliipima?"

Tukasema, "Hapana, Mzee."

Akasema, "Basi mmenunua dawa kabla ya kupima homa."

Alifungua boneti, akafuata waya mmoja mmoja kwa mkono, akatuonyesha waya wa ethi, yaani ule waya mnene unaounganisha injini na bodi ya gari. Nati yake ilikuwa imelegea, na chini yake kutu tupu. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa spana, akachaji betri kidogo kwa gari jingine. Dereva akageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja.

Mzee alitueleza sababu. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye stata, na ni sharti urudi kwenye betri kwa njia ya ethi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, stata haipati nguvu. Tena umeme wa altaneta, ambao ndio unaochaji betri, hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu betri ya kwanza ilidhoofika, na ile mpya ikafuata nyuma. Betri ya kwanza ilipochajiwa vizuri, ilikuwa nzima kabisa.

Tulimrudishia dereva posho yake, tukamwomba radhi mbele ya mkutano wa wanachama, kwa kuwa tulimhukumu mbele ya watu. Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni: kupima kwanza, kutibu baadaye. Mengi katika haya yafuatayo tulifundishwa na mzee yule.

INJINI INATAKA NINI

Injini ya petroli haiwezi kuwaka bila vitu vitatu. Kwanza, nguvu ya kuizungusha, inayotoka kwenye betri na stata. Pili, mafuta yaliyochanganyika na hewa. Tatu, cheche ya kuwasha mchanganyiko huo kwa wakati wake.

Injini ya dizeli haina cheche. Yenyewe hubana hewa mpaka hewa ikapata joto kali, na dizeli inapopulizwa ndani huwaka yenyewe. Kwa hiyo mtu anayetafuta plagi za cheche kwenye lori la dizeli anapoteza muda wake.

Kazi yetu ni kujua ni kipi kinachokosekana. Gari lenyewe litatuambia, kama tutanyamaza na kulisikiliza.

KABLA YA KUSHIKA CHOCHOTE

Vuta breki ya mkono, weka gia frii, na weka mawe kwenye magurudumu. Vua saa, pete na bangili. Chuma kikigusa pande mbili za betri kwa pamoja hupata moto mara moja na kuunguza mkono. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti ili kumulika, tumia tochi. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na petroli haina mzaha. Maji ya ndani ya betri ni asidi. Yakikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi bila kukawia, kisha nenda kwa mganga.

SIKILIZA SAUTI

Washa taa kubwa za mbele, mwambie mwenzako azitazame, kisha geuza ufunguo. Jaribio hili halihitaji hata senti moja.

1. Kimya kabisa, na taa haziwaki au ni hafifu sana. Betri imekwisha, au waya wake umelegea au umeingia kutu. Tazama vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Mara nyingi utakuta unga mweupe au wa kijani.

2. Tak-tak-tak ya haraka, na taa zinafifia. Umeme upo lakini ni mdogo. Betri imechoka, au vichwa vyake ni vichafu, au ethi ni mbovu kama ilivyokuwa kwetu.

3. Mlio mmoja tu, "tak!", na taa zinabaki na mwanga wake. Hapo betri haina kosa. Shaka iko kwenye stata yenyewe au swichi yake ya sumaku. Lakini kagua waya mnene wa stata kabla ya kuifungua.

4. Kimya, na taa zinawaka vizuri. Umeme haufiki kwenye stata. Tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na ule waya mwembamba unaokwenda kwenye stata. Kwa gari lisilo na klachi, hakikisha gia iko mahali pa kuwashia. Magari mengine yenye klachi hayazunguki mpaka uikanyage hadi chini.

5. Stata inazungusha injini polepole, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Ni betri dhaifu au waya zinazozuia umeme.

6. Stata inazungusha injini kwa nguvu yake ya kawaida, lakini injini haishiki. Hapo ondoa mkono kwenye betri. Ubovu uko kwenye mafuta au kwenye cheche.

Usishikilie stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Pumzika angalau nusu dakika, kisha ujaribu tena. Stata nyingi zimeungua kwa sababu ya pupa.

BETRI NA WAYA ZAKE

Unapofungua waya za betri, anza na ule wa kutoa (–). Unapofunga, waya huo uwe wa mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na upande wa kutoa. Spana ikigusa bodi wakati unafungua upande wa kujumlisha (+), na ule wa kutoa bado umefungwa, cheche kubwa itaruka.

Safisha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, bila kuyaingiza ndani ya betri. Kausha, sugua mpaka ving'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu. Fanya vivyo hivyo kwa waya wa ethi, pande zote mbili. Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri tu, wala si asidi, wala si maji ya kisima.

Mwenye mita ya umeme na apime. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12 tu, imekaribia kwisha, na inafaa kuchajiwa kabla ya kulaumiwa. Injini inapowaka, mita ionyeshe karibu volti 14. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, altaneta haichaji, na betri mpya itakufa kama ya zamani. Anza kwa kutazama mkanda unaozungusha altaneta, kama umelegea au umekatika.

Madereva wa zamani walikuwa na mtindo wa kufungua waya wa betri huku injini ikiwaka ili kujua kama inachaji. Mtindo huo tuuache. Kwa gari lenye altaneta unaweza kuunguza altaneta na vyombo vingine vya umeme.

Ukiazima umeme wa gari jingine kwa waya za jampa, funga hivi: (+) ya betri iliyokufa, kisha (+) ya betri nzima, kisha (–) ya betri nzima, na mwisho chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Ni muhimu sana kujua kwamba malori mengi makubwa hutumia volti 24. Usiunganishe volti 24 na pikapu ya volti 12, utaiharibu.

MAFUTA

Usiamini geji peke yake. Geji hudanganya, na gari lililoegeshwa mlimani likiwa na mafuta kidogo huenda lisiyavute.

Kwa gari la kabureta, ukisikia harufu kali ya petroli, injini imefurika. Acha kupampu kanyagio. Subiri dakika chache, kisha kanyaga mpaka chini na ushikilie hapo huku unapiga stata, ili hewa iingie kwa wingi. Kama hakuna harufu kabisa, huenda mafuta hayafiki: filta imeziba, bomba limepasuka, au pampu imekufa. Kwenye magari mengi ya petroli ya siku hizi, ukifungua ufunguo bila kupiga stata, utasikia pampu ikivuma nyuma kwa sekunde moja au mbili. Usiposikia, tazama fyuzi yake kwanza.

Kwa dizeli, swali la kwanza ni hili: je, mafuta yalikwisha njiani, au filta imebadilishwa juzi? Kama ndivyo, hewa imeingia kwenye mabomba. Kwenye injini za zamani na matrekta, legeza skurubu ya kutolea hewa kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kisha kaza. Toa pia maji yaliyotuama chini ya filta. Asubuhi ya baridi, kama gari lina taa ya kupasha moto, subiri taa hiyo izime ndipo upige stata. Kwenye trekta la zamani, tazama kama ile nyaya ya kuzimia imerudishwa ndani. Tumeona watu watatu wakihangaika saa nzima, na ubovu wote ni nyaya hiyo tu.

Onyo: bomba za injekta hubeba mafuta kwa nguvu kubwa sana. Mrusho wake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu anaweza kukatwa mkono. Kwa injini za dizeli za kisasa usilegeze bomba hizo kamwe. Mwachie fundi mwenye vyombo.

CHECHE

Huku kwetu mvua ni nyingi na asubuhi kuna ukungu. Kwa gari la zamani lenye distribyuta, unyevu ndio adui mkubwa. Fungua kofia yake, futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, futa na waya za plagi. Mara nyingi gari huwaka hapo hapo. Kama bado, tazama pointi. Zikiwa zimeungua, zisugue kwa msasa laini. Nafasi yake katika magari mengi ni karibu milimita 0.4. Plagi zenye masizi zisafishwe na kukaushwa.

Usishike waya wa plagi kwa mkono huku stata inazunguka. Umeme ule ni wa maelfu ya volti. Na usijaribu cheche karibu na petroli iliyomwagika.

Magari ya siku hizi hayana distribyuta. Yanaongozwa na kompyuta, na mengine hutambua ufunguo wake. Ukiona taa ya picha ya ufunguo au kufuli inamweka-mweka na injini haishiki, jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua kitu. Ikishindikana, mwite fundi mwenye mashine ya kusoma makosa. Kuvuta waya ovyo kwenye gari la namna hii ni kuongeza gharama.

KUSUKUMA GARI

Hapa wafanyakazi wengi wameumia. Zamani injini iliwashwa kwa hendeli ya mkono, na hendeli iliporuka nyuma ilivunja mikono ya watu. Cadillac ndiyo iliyotoa magari yenye stata ya umeme mwaka 1912, na kazi ile ya hatari ikaanza kupungua. Wazee wetu walioendesha Land Rover za zamani wanaikumbuka hendeli hiyo. Kusukuma nako kuna hatari zake.

Gari lenye klachi linaweza kusukumwa: fungua ufunguo, weka gia ya pili, kanyaga klachi, na likishapata mwendo achia klachi mara moja. Gari lisilo na klachi usilisukume, halitawaka. Wasukumaji wakae nyuma na pembeni, kamwe wasikae mbele wala kati ya magari mawili. Trekta lisisukume lori huku kuna mtu katikati. Gari lisilowaka lina breki nzito na usukani mgumu, kwa hiyo lisisukumwe kuelekea mtelemko mkali. Wachumaji chai hawakuajiriwa kuwa stata. Gari linalosukumwa kila alfajiri lipelekwe gereji.

DEREVA ASIHUKUMIWE KABLA YA GARI KUPIMWA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Mara nyingi gari likigoma, dereva huambiwa papo hapo, "Umeliharibu, utalipa." Anapewa karatasi atie sahihi. Kwa hofu anatia sahihi, na baadaye karatasi hiyo inakuwa ushahidi dhidi yake. Sisi wenyewe, viongozi wa chama, tulimfanyia mwenzetu hivyo hivyo. Hatuwezi kumlaumu mwajiri kwa jambo ambalo nasi tunalitenda.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Dereva awe na daftari. Kila siku aandike tarehe, kilometa, maji, oili, na dalili yoyote ya ubovu aliyoona, na amwambie mkubwa wake siku hiyo hiyo. Mwenye daftari ana shahidi. Gari likigoma, aombe lipimwe na fundi, na aandike fundi alikuta nini. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa, bali amwite mwakilishi wa chama kwanza.

Yafaa pia tujue kwamba hapa Uganda, Sheria ya Ajira iliyotungwa mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa, na asikilize maelezo yake. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Mtu huyo anaweza kuwa mwakilishi wenu. Itumieni haki hiyo.

Ndugu wafanyakazi, karatasi hii ikateni, muibandike kwenye ukuta wa gereji au ofisi ya tawi. Kila tawi lenye gari na liwe na tochi, spana za kawaida, kipande cha msasa, waya za jampa na mita ndogo ya umeme. Vitu hivyo vyote kwa pamoja havifikii bei ya betri moja. Mwanachama akishikwa na ugonjwa usiku, tusije tukambeba tena kwa machela kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Umoja ni nguvu.